Jina la bandia halitoshi: namna ya kuzuia vidakuzi visikuumbue kwenye jamii za mtandaoni

Miaka michache iliyopita nilijiunga na kundi la mtandaoni la watu wanaoishi na ugonjwa ambao mpaka leo sijazoea kuutaja mbele ya watu. Nilijipa jina la bandia, sikuweka picha, sikusema ninakaa wapi wala nafanya kazi gani. Usiku nikauliza maswali yangu, nikajibiwa kwa upole na watu nisiowajua, nikalala kifua kimekuwa chepesi. Asubuhi mdogo wangu akaomba kompyuta asome habari za mpira. Pembeni mwa habari palikuwa na tangazo la dawa za ugonjwa ule ule. Akateremsha ukurasa, likatokea jingine. Hakusema neno. Alinitazama mara moja tu, akarudi kusoma.

Hakuna mwanakundi aliyenisaliti, wala hakuna aliyeiba nenosiri langu. Nilijificha kwa watu, nikasahau kujificha kwa ukurasa wenyewe. Jina la bandia linakusitiri kwa wanachama wenzako, lakini halikusitiri kwa kampuni zilizokaribishwa ndani ya ukurasa mnaozungumzia. Na uzi unaolifunga jina hilo na jina lako la kweli, mara nyingi, ni kidakuzi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Watu wengi wamepata mtandaoni mahali pa kuyasema maradhi, madeni na ndoa zilizowashinda. Sitaki mtu yeyote aache kuyasema kwa hofu. Nataka ayaseme akiwa salama, na hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata mimi mwenyewe.

Kwanza, tofautisha ufunguo na njuga

Kidakuzi, ambacho wengine hukiita kuki, ni maandishi mafupi ambayo seva ya tovuti, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti hiyo, hukipa kivinjari chako kiyatunze. Kila kivinjari kinapoomba ukurasa kutoka kwa seva ile ile, huyarudisha. Si programu, hakiwezi kufungua mafaili yako, na ukubwa wake kwa kawaida hauzidi baiti 4,096. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, kwa sababu tovuti za wakati ule hazikuwa na kumbukumbu: ukifungua ukurasa wa pili, seva inakuona mgeni kabisa. Duka la mtandaoni lisingeweza kukumbuka umeweka nini kikapuni.

Kazi hiyo ya kukumbuka ndiyo inayokuwezesha kuingia kwenye akaunti yako mara moja na kusoma kurasa mia bila kuulizwa nenosiri kila mara. Kidakuzi cha namna hii huitwa cha kikao, na mimi hukiita ufunguo. Bila hicho hakuna jamii ya mtandaoni yenye akaunti.

Kipo kingine. Ukurasa mmoja unaweza kuvuta vitu kutoka seva nyingine nyingi: tangazo, kitufe cha kushiriki, video, kipimo cha wageni. Kila seva kati ya hizo inaweza kukupa kidakuzi chake. Kesho ukifungua tovuti nyingine kabisa yenye tangazo la kampuni ile ile, kidakuzi kile kinalia: ni yule yule wa jana. Hii ni njuga uliyovishwa mguuni bila kujua, inayosikika kila unapopita.

Ninasisitiza tofauti hii kwa sababu nimeona watu wengi wakipambana na kimoja na kumsahau mwenzake. Mtu anabofya "Kataa" kutwa nzima, halafu anaiacha akaunti yake wazi kwenye kompyuta ya ofisini. Njuga hutibiwa kwa kuikata, ufunguo hutibiwa kwa kuulinda.

Hatua ya 1: Vione kwa macho yako

Usianze kubadili mipangilio kabla ya kuona unachopambana nacho. Kwenye kompyuta, fungua ukurasa wa jamii unayoitumia, kisha bonyeza F12. Kwenye Chrome au Edge, chagua kichupo cha Application, halafu Cookies upande wa kushoto. Kwenye Firefox, kichupo kinaitwa Storage. Utaona jedwali lenye mistari. Nachukua mistari miwili ya mfano:

kikao | 9f3ac17e… | jamii-yetu.example | Session | HttpOnly, Secure, Lax
uid | 5520183… | matangazo.example | siku 400 zijazo | Secure, None

Safu ya tatu, iliyoandikwa Domain, ndiyo ya kusoma kwanza. Inakwambia kidakuzi ni cha nani. Mstari wa kwanza ni wa jamii yenyewe. Wa pili ni wa kampuni nyingine ambayo hukuwahi kuingia kwake wala kuisalimia. Safu ya nne ya mfano huu, ambayo kwenye kivinjari imeandikwa Expires, inasema kinakufa lini. Session maana yake kinatakiwa kuondoka kivinjari kikifungwa. Tarehe iliyo mbali maana yake kimepangiwa kukaa nawe. Chrome tangu mwaka 2022 haikubali kidakuzi kiishi zaidi ya siku 400, lakini siku hizo huanza kuhesabiwa upya kila tovuti inapokiandika tena.

Angalia pia neno None kwenye safu ya SameSite. Kidakuzi chenye neno hilo kimeruhusiwa kusafiri hata ukiwa ndani ya tovuti ya mtu mwingine. Si kila chenye None ni kibaya, kwani baadhi ya huduma za malipo na video hukihitaji, lakini njuga za kizamani karibu zote hulibeba.

Andika majina ya kampuni ngeni unazoziona. Yatunze, utayahitaji mwishoni.

Hatua ya 2: Zuia vidakuzi vya washirika wengine

Hizi ndizo njuga: vidakuzi vya kampuni zisizo tovuti uliyoifungua. Ukitumia Safari, kazi hii imekwisha kufanywa: tangu Machi 2020 inavizuia vyote bila kukuuliza. Firefox ilianza kuwazuia wafuatiliaji wanaojulikana mwaka 2019, na tangu Juni 2022 imeipa kila tovuti mtungi wake wa vidakuzi, ili kilichopatikana kwenye tovuti moja kisisomeke ukiwa kwenye nyingine.

Chrome ina historia ndefu. Google ilitangaza Januari 2020 kwamba ingeviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Kwa hiyo mtumiaji wa Chrome lazima aende mwenyewe: Mipangilio, Faragha na usalama, Vidakuzi vya washirika wengine, kisha achague kuzuia. Kwenye simu njia ni karibu hiyo hiyo.

Kuzuia hakufuti vilivyokwisha kuwekwa. Nenda kwenye "Futa data ya kuvinjari", chagua muda wote, weka tiki kwenye vidakuzi na data ya tovuti. Kabla ya hapo hakikisha unazijua nenosiri zako, maana utatolewa kwenye akaunti zote. Video ikikataa kucheza baadaye, au malipo yakikwama, ruhusu tovuti hiyo peke yake. Usifungue mlango wote kwa ajili ya mgeni mmoja.

Hatua ya 3: Tenga kivinjari cha siri

Hapa ndipo ninapokuomba utulie, kwa sababu hatua hii ina uzito kuliko zote.

Wafuatiliaji wamejifunza kupita dirishani mlango ukifungwa. Tovuti ikiweka msimbo wa kampuni ya matangazo ndani ya ukurasa wake, msimbo huo unaweza kuandika kidakuzi kwa jina la tovuti yenyewe. Rudi kwenye jedwali la hatua ya kwanza utafute majina kama _ga au _fbp. La kwanza ni la kipimo cha wageni cha Google, la pili ni la pikseli ya Meta, msimbo wa ufuatiliaji wa kampuni inayomiliki Facebook. Kwenye safu ya Domain utaona jina la jamii yako, kana kwamba ni vya nyumbani, kumbe habari zake zinatumwa nje. Uzuiaji wa hatua ya pili hauvigusi.

Madhara yake si ya kubuni. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliiamuru BetterHelp, huduma ya ushauri nasaha mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8. Watu walikuwa wamejaza fomu wakieleza hali ya akili zao wakiahidiwa siri, na tume ikasema barua pepe zao na habari nyingine zilipelekwa Facebook, Snapchat, Criteo na Pinterest kwa ajili ya matangazo. Waliojaza zile fomu walikuwa watu waliokuwa na maumivu. Kila nikiikumbuka kesi ile moyo unaniuma.

Fikiria sasa mtiririko wenyewe. Asubuhi umeingia kwenye mtandao wa kijamii kwa jina lako la kweli. Usiku, kwa kivinjari kile kile, umeingia kwenye kundi lako kwa jina la bandia, na ukurasa wa kundi una msimbo wa kampuni ile ya asubuhi. Kampuni haihitaji kulijua jina lako la bandia. Inakujua wewe, na sasa inajua umesoma ukurasa gani.

Dawa ni kuzitenga sura zako mbili zisikutane kabisa katika kivinjari kimoja. Zipo njia tatu, chagua inayokufaa.

Rahisi kuliko zote ni kutumia vivinjari viwili. Kimoja kwa barua pepe, benki na mitandao ya jina lako, kingine kwa jamii ya siri peke yake. Kwenye simu hii ndiyo njia ninayoipendekeza.

Ya pili ni kuunda wasifu mwingine ndani ya kivinjari kile kile. Chrome, Edge na Firefox zote zinaruhusu, na kila wasifu una vidakuzi vyake. Kompyuta ikitumiwa na watu wengi nyumbani, mpe kila mtu wasifu wake. Mdogo wangu sasa anao wa kwake, na mimi ninao wangu wenye rangi tofauti ili nisichanganye.

Ya tatu ni kiendelezi, yaani programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari, cha Firefox kiitwacho Multi-Account Containers, kilichotengenezwa na Mozilla wenyewe. Kinagawa vichupo katika makasha: cha buluu kazi, cha kijani benki, cha zambarau kundi lako. Vidakuzi vya kasha moja havionekani kwenye jingine.

Njia yoyote utakayoichagua itakuwa bure usiposhika masharti haya. Ndani ya kivinjari cha siri usiingie kamwe kwenye barua pepe yako ya kawaida, hata kwa dakika moja ya kutafuta ujumbe wa kuthibitisha. Usibofye "Ingia kwa Google" wala "Ingia kwa Facebook". Usiunganishe wasifu huo na akaunti inayosawazisha historia na vifaa vingine. Kosa la mara moja linafunga uzi ule ule uliotaka kuukata, na huna namna ya kuufungua tena.

Watu huniuliza: si nitumie tu hali fiche (Incognito)? Hali fiche inafuta vidakuzi ukifunga madirisha yake yote, na hiyo ina faida yake kwenye kifaa cha pamoja. Lakini muda wote dirisha likiwa wazi, tovuti inakuona, mtoa huduma wako wa intaneti anaona umetembelea tovuti gani, na ukiingia kwenye akaunti umekwisha kujitaja. Google ilishtakiwa mwaka 2020 na watumiaji waliodhani hali fiche ya Chrome inawaficha kwa Google pia. Katika makubaliano yaliyowekwa wazi Aprili 2024 kampuni ilikubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu na kuyarekebisha maelezo yanayoonekana unapofungua dirisha hilo.

Kuna kitu ambacho kutenga kivinjari hakukimalizi. Kivinjari kinatambulika pia kwa sura yake: ukubwa wa kioo, fonti, lugha, saa za eneo, namna kadi ya picha inavyochora. Shirika la EFF la Marekani, linalotetea haki za watu mtandaoni, lilipima jambo hili mwaka 2010 na kukuta kwamba asilimia 83.6 ya vivinjari vilivyopimwa vilikuwa na mchanganyiko wa kipekee. Tena anwani ya IP ya nyumbani kwako, namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, ni moja kwa vivinjari vyote. Kama unachoogopa ni matangazo na macho ya watu wa nyumbani, kutenga kunatosha. Kama unachoogopa ni mtu mwenye uwezo wa kukudhuru akikugundua, tumia Tor Browser. Imetengenezwa ili watumiaji wake wote wafanane na anwani zao za IP zifichwe.

Hatua ya 4: Jisajili bila kuacha alama

Kampuni za matangazo zilipoona vidakuzi vinazuiwa, ziligeukia barua pepe. Tovuti hugeuza anwani yako kuwa msururu wa herufi na namba, nyingine hufanya hivyo hivyo, na misururu ikilingana wanajua ni mtu mmoja. Kwa hiyo barua pepe uliyoisajilia benki isiingie kwenye kundi lako la siri. Fungua nyingine, au tumia huduma zinazokupa anwani ya kupitishia ujumbe, kama Firefox Relay au ile ya Apple ya kuficha barua pepe.

Jina la bandia liwe jipya. Ulilolitumia kwenye michezo ya mtandaoni miaka kumi iliyopita linatafutika kwa sekunde mbili. Picha ya wasifu nayo iwe mpya, isiwe uliyoiweka kwingine. Na kama utatuma picha uliyopiga kwa simu, ondoa kwanza data ya mahali, kwa sababu si kila jamii huifuta kwa niaba yako.

Hatua ya 5: Dirisha la ridhaa

Lile dirisha la "Kubali vyote" linatokana hasa na sheria za Umoja wa Ulaya: agizo la faragha ya mawasiliano lililorekebishwa mwaka 2009, kisha kanuni ya GDPR iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ilisema kisanduku kilichowekewa tiki tayari si ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya faragha ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali kulitaka bofyo moja na kukataa kulitaka kadhaa.

Bofya "Kataa vyote" kama kipo. Kama hakipo, fungua "Dhibiti chaguo" na uzime kila kitu, ukiwa macho na sehemu iitwayo maslahi halali, ambako kampuni hudai zinaweza kutumia data zako bila ridhaa. Huko mara nyingi vitufe vimewashwa tayari, na ukurasa wake umefichwa nyuma ya kichupo cha pili. Washa pia ishara ya Global Privacy Control, inayoziambia tovuti zisiuze wala kugawa data zako: Brave inaituma yenyewe, Firefox inayo kwenye mipangilio ya faragha. Sheria ya jimbo la California inazilazimu kampuni zinazohusika kuiheshimu, na kuiwasha hakukugharimu chochote popote ulipo.

Usitumie nguvu zako zote hapa. Mtu aliyefanya hatua ya pili na ya tatu vizuri halindwi na dirisha hili peke yake.

Hatua ya 6: Linda ufunguo

Kidakuzi cha kikao ndicho kinachoiambia seva kwamba wewe ni wewe. Mtu akikinakili na kukiweka kwenye kivinjari chake, mara nyingi anaingia kama wewe, bila nenosiri, bila msimbo wa simu. Uthibitishaji wa hatua mbili unalinda mlango wakati wa kuingia, na kidakuzi kinapatikana baada ya mlango kufunguliwa. Wengi hawalijui hili, na ndiyo maana wanashangaa akaunti zao zikitekwa ilhali waliweka kila ulinzi.

Oktoba 2010 mtaalamu Eric Butler alitoa kiendelezi cha Firefox kilichoitwa Firesheep. Ukikaa kwenye Wi-Fi ya wazi, kiliorodhesha watu waliokuwa karibu na akaunti zao za mitandao ya kijamii, na kwa kubofya mara mbili ukawa ndani ya akaunti ya mtu. Wakati ule tovuti nyingi zilificha nenosiri tu, kidakuzi kikasafiri uchi. Kelele zilizofuata zilizisukuma tovuti kubwa kuhamia https, njia inayoficha yanayosafiri kati yako na tovuti. Leo anwani ya jamii yako ikianza na http isiyo na s, usiingize nenosiri hapo.

Wizi wa siku hizi unapitia kwenye kifaa chako. Machi 2023 chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips, yenye mamilioni ya wafuasi, ilitekwa baada ya mfanyakazi kufungua faili lililoonekana kama PDF ya ofa ya udhamini. Ndani mlikuwa na programu hasidi iliyobeba data za kivinjari, vidakuzi vya kikao vikiwamo. Hawa ni watu wanaofundisha teknolojia kila siku. Kwenye makundi, mtego huu huja kama ujumbe wa faragha: "nisaidie kuangalia faili hili", "jaribu mchezo wangu". Faili kutoka kwa mwanachama usiyemjua usilifungue, hata kama amekujibu kwa ukarimu wiki nzima.

Mtego wa pili ni wa kukuomba ubonyeze F12 na ubandike mstari fulani wa msimbo, eti upate beji au uone nani anakutembelea. F12 tuliifungua kwa kusoma tu. Ukibandika msimbo wa mtu pale, umemkabidhi akaunti.

Kuhusu kutoka kwenye akaunti: kufunga dirisha si kutoka. Na kufuta kidakuzi bila kutoka nako kuna kasoro. Nakala yako imefutika, lakini kwa seva kikao bado ni hai, na aliyekwisha kunakili ufunguo bado anaingia. Fuata mpangilio huu kwenye kifaa kisicho chako: bofya "Toka", subiri ukurasa uonyeshe umetoka, ndipo ufute vidakuzi. Usiweke tiki kwenye "Nikumbuke". Ukishuku umeibiwa, tumia kifaa kingine kilicho safi, ingia kwenye mipangilio ya usalama, bofya "Toka kwenye vifaa vyote", kisha badili nenosiri. Kubadili nenosiri peke yake hakufungi vikao vya zamani kwenye kila tovuti.

Hatua ya 7: Chunga picha na viungo vya wanachama

Baadhi ya jamii huruhusu mwanachama kuweka picha iliyohifadhiwa kwenye seva yake mwenyewe. Ukiifungua mada, kivinjari chako kinaenda kwa seva hiyo kuichukua, nayo inaandika anwani yako ya IP na saa. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kukutumia picha ya nukta moja isiyoonekana ili tu ajue umesoma lini na kutoka mtandao gani. Kama mipangilio ya akaunti yako ina chaguo la kutopakia picha za nje, lichague. Kwenye programu ya barua pepe fanya vivyo hivyo, maana taarifa za "una jibu jipya" nazo hubeba nukta hizo.

Ukitumia simu, viungo vifungue kwenye kivinjari cha siri badala ya kivinjari kidogo kilicho ndani ya programu ya mtandao wa kijamii. Huko ndani mwenye programu anaweza kuona unachofanya. Programu zenyewe kwa kawaida hazikufuatilii kwa vidakuzi, zinatumia kitambulisho cha matangazo cha simu. Kwenye Android tafuta "Matangazo" katika mipangilio ukifute. Kwenye iPhone, tangu toleo la 14.5 la mwaka 2021, programu lazima ikuombe ruhusa kabla ya kukufuatilia. Jibu hapana.

Kama wewe ndiye msimamizi

Wanachama wako wanaweza kufanya yote haya na bado ukawaumbua kwa mstari mmoja wa msimbo ulioubandika bila kuusoma. Fungua F12 kwenye jamii yako kama mgeni, uhesabu kampuni ulizozikaribisha. Kwa kila moja jiulize inamsaidia nani. Vitufe vya kushiriki vinaweza kuwa viungo vya kawaida visivyo na msimbo wa nje. Video za YouTube zinaweza kuwekwa kwa anwani ya youtube-nocookie.com. Picha za wasifu zinazotoka Gravatar, huduma ya kuhifadhi picha hizo, kwa miaka mingi zilitumia anwani iliyotokana na barua pepe ya mwanachama kwa njia ya MD5, inayogeuza maandishi kuwa msururu wa herufi na namba, na barua pepe fupi ya kawaida inaweza kukisiwa kutoka humo.

Kidakuzi cha kikao kiwe na HttpOnly, ili msimbo wa ukurasa usikisome, Secure, ili kisisafiri bila https, na SameSite ya Lax, ili kwa kawaida kisitumwe maombi yakianzia tovuti nyingine. Weka muda wa kufuta kumbukumbu za anwani za IP na uwaambie wanachama ni siku ngapi. Na sehemu ambazo watu wanazungumzia afya, ndoa au dini zao zisiwe na tangazo hata moja. Hili naliomba kwa moyo wangu wote.

Hatua ya 8: Rudi kwenye jedwali

Baada ya wiki moja ya kutumia mipangilio mipya, fungua jamii yako kwenye kivinjari cha siri, bonyeza F12 tena, chukua yale majina uliyoyaandika. Linganisha. Kikibaki kidakuzi cha kikao na viwili vitatu vya mapendeleo kama lugha na rangi, umefika. Ukiona jina la kampuni ngeni kwenye safu ya Domain, huenda uzuiaji wa hatua ya 2 haujawashwa kwenye kivinjari hiki, kosa la kawaida kwa wanaotumia wasifu mpya. Ukiona _ga, _fbp au ndugu zao, mwandikie msimamizi, kwa jina lako la bandia, umuulize viko pale kwa kazi gani. Mimi niliandika. Zilipita siku nne, akajibu kwamba hakujua vipo, na wiki iliyofuata vikawa vimeondolewa.